Bei ya Mkaazi

Kwenye dirisha la tiketi za boti, bandarini Dar es Salaam, watu wawili wanaweza kusimama foleni moja, wakapanda boti moja na kukaa viti vinavyopakana kwa saa mbili hizo za kwenda Unguja, huku kila mmoja akiwa na nauli yake. Mtanzania ameonyesha kitambulisho akalipa nauli ya wenyeji. Mgeni wa nje ya nchi amelipa nauli ya wageni, nayo inapita mara mbili ya aliyolipa jirani yake. Hakuna aliyedanganywa hapo. Bei zote mbili zinajulikana.

Mwanafunzi anayehamia Unguja na alitazame vizuri dirisha hilo, maana atalikuta tena kila atakapogeuka: kwenye chumba cha kukodi, kwenye fungu la samaki, kwenye bodaboda ya usiku. Ila huko mbele bei haziandikwi popote. Mtu huangaliwa, husikilizwa anavyosalimia na anavyouliza, kisha hutajiwa bei inayomfaa. Kijana aliyetoka Mbeya au Kigoma na begi lake mgongoni si mtalii, lakini wiki za mwanzo naye ni mgeni kama wageni wengine, na kisiwa hiki humtoza mgeni. Ukiacha masomo yenyewe, kazi yake kubwa ya miezi miwili ya mwanzo ni kuvuka kutoka bei ya mgeni kwenda bei ya mkaazi. Kila siku anayoiwahi humrudishia fedha mfukoni.

Ughali wenyewe una sababu zinazohesabika. Sensa ya 2022 ilikuta Zanzibar ina watu 1,889,773, na kati yao 893,169, karibu nusu, wanaishi Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake. Mwaka 2024 waliingia watalii zaidi ya laki saba. Wanakula pweza yule yule na embe lile lile, na wanahitaji vyumba, maji na magari. Vitu vingi vya dukani hufika kwa boti au meli, na gharama ya kuvuka bahari hulipwa na mnunuzi wa mwisho. Hata umeme unavuka: waya wa kwanza wa chini ya bahari kutoka bara hadi Fumba ulilazwa mwaka 1980, wa pili ukafuata 2013. Ule wa kwanza ulipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa bila umeme wa uhakika kwa miezi mitatu. Anayeishi kisiwani huishi akijua kwamba mahitaji yake mengi yana safari nyuma yake.

Kabla ya kufunga begi

Kosa linaloumiza mfuko kuliko mengine hufanyika mwanafunzi akiwa bado kwao: kukodi chumba kabla ya kujua darasa lake liko wapi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, hakikai mahali pamoja. Makao makuu yako Tunguu, zaidi ya kilomita 15 kutoka mjini. Afya husomeshwa Mbweni, utalii Maruhubi, kilimo Kizimbani, na kuna kampasi nyingine Vuga, Beit el Ras na hata Pemba. Zanzibar University nacho kiko Tunguu. SUMAIT kiko Chukwani. Kampasi ya IIT Madras ya India, iliyofungua milango 2023, iko Bweleo, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Buyu. Mtu aliyeambiwa tu kwamba "chuo kiko Zanzibar" akakodi Bububu, huku darasa lake likiwa Tunguu, atakuwa akipanda magari mawili kwenda na mawili kurudi kwa mwaka mzima. Barua ya udahili isomwe mpaka chini, na penye shaka chuo kipigiwe simu kuulizwa: kozi hii inasomewa kampasi gani, na je, mwaka wa pili tunahamishwa?

Swali la pili kwa chuo ni dakhalia. Hivyo ndivyo Wazanzibari wanavyoliita bweni, na nafasi zake ni chache kuliko waombaji. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hana ndugu kisiwani, dakhalia ni chaguo bora hata kama chumba cha nje kinaonekana kikubwa zaidi. Umeme na maji havimhusu, nauli ya kwenda darasani haipo, na anapata miezi kadhaa ya kuujua mji bila kukurupuka. Masharti ya saa za kurudi na ya wageni yapo na yanafuatwa. Ayakubali mapema au asiombe.

Kisha kuna hesabu ya bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, fedha hiyo ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HESLB, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. (Mzanzibari ana pia bodi yake, ZHELB, iliyoanza 2011.) Kwa siku 60 hiyo ni 600,000. Inasikika nyingi ikiingia kwa mkupuo, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Tuseme chumba ni 80,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa pamoja, jambo la kawaida kabisa mjini Unguja. Hiyo ni 480,000. Zinabaki 120,000 za siku 60, yaani shilingi 2,000 kwa siku, na humo mna nauli, chakula, vocha na fotokopi. Haiwezekani. Sasa chumba hicho hicho wakikaa wawili, kila mmoja atoe 240,000: zinabaki 360,000, yaani 6,000 kwa siku. Hapo mtu anaishi. Na ikiwa mwenye nyumba atakubali miezi mitatu mitatu, hata robo ya kwanza inapumua. Tarakimu za kodi zitabadilika mtaa kwa mtaa; kila mmoja aweke zake kwenye mfano huu kabla ya kushika kalamu ya mkataba.

Jambo moja zaidi kuhusu bumu: lisihesabiwe kuwa litakuwepo siku ya kwanza. Kuna usajili, kuna kusaini, kuna akaunti ya benki kuhakikiwa. Mwanafunzi asivuke bahari bila fedha ya kula na kulala ya angalau siku 40, iwe ya mzazi, ya shangazi au ya kibarua alichofanya likizo. Deni la wiki za mwanzo ndilo linalomla mtu muhula mzima.

Cha kubeba na cha kuacha

Watu wa bara huja Unguja wamebeba nyumba nzima, kwa imani kwamba kila kitu kisiwani ni ghali. Imani hiyo ina kweli nusu. Mchele mzuri, maharage, vitunguu, mbatata, unga wa sembe: hivyo kweli hupanda bei vikivuka, na kilo kumi za maharage ya nyumbani ndani ya begi ni akiba ya haki. Lakini feni, friji dogo, redio, pasi, jiko la umeme na televisheni ni habari nyingine. Unguja ina historia ndefu ya kupokea bidhaa za Dubai, zikiwemo zilizotumika, na kodi ya ongezeko la thamani hapa kwa miaka mingi imekuwa asilimia 15 wakati bara ni 18. Kubeba feni kutoka Dar es Salaam ni kujitaabisha bure.

Godoro nalo lisisafirishwe. Mwisho wa mwaka wa masomo wanaohitimu huuza magodoro, meza, majiko na ndoo kwa bei ya kuachiana, na matangazo hujaa kwenye makundi ya WhatsApp ya chuo. Anayeanza masomo na aombe kuingizwa kwenye kundi la waliomtangulia mapema. Kwa wiki mbili za kungoja, jamvi na shuka vinatosha.

Kinachostahili kubebwa bila mjadala ni karatasi: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho cha NIDA au namba yake, barua ya udahili, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji alikotoka. Hiyo ya mwisho wengi huidharau, halafu huitafuta kwa simu na nauli ya mtu mwingine.

Kuhusu safari yenyewe, hapa si mahali pa kubana matumizi. Yapo majahazi na boti ndogo ambazo huchukua abiria kwa siri kutoka fukwe za bara, na nauli yake huvutia. Mwanafunzi asipande. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake, na mamia walikufa. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam siku ya upepo mkali. Hivyo vilikuwa vyombo vyenye usajili. Julai ni kipindi cha kusi, bahari huchafuka. Boti ikiahirishwa kwa hali ya hewa, mtu alale bandarini akingoja ya kesho.

Sheha kwanza

Akishashuka, akapita katikati ya makuli wanaogombea mizigo (bei isemwe kabla begi halijainuliwa), mwanafunzi ana mtu mmoja wa kumtafuta ndani ya siku za mwanzo, naye ni sheha wa anakokaa.

Bara hakuna anayelingana naye sawasawa. Mwenyekiti wa mtaa anafanana naye kwa mbali, lakini sheha anaijua shehia yake nyumba kwa nyumba, na ana wajibu wa kujua nani ameingia na nani ametoka. Barua yake hutakiwa mtu akifungua akaunti, akipotelewa na kitambulisho, akienda polisi, akiomba kitambulisho cha ukaazi. Tangu sheria ya 2018, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii husajili na kuwapa vitambulisho Wazanzibari wakaazi na pia wakaazi wasio Wazanzibari. Mwanafunzi wa bara atakayeishi hapa miaka mitatu au minne anahitaji kuuliza utaratibu huo mapema, na mlango wa kuingilia ni wa sheha.

Aende asubuhi au baada ya alasiri, amevaa kwa heshima, apige hodi, asalimie kwa utulivu. "Assalamu alaykum" inapokelewa hata kutoka kwa asiye Mwislamu, na "shikamoo" kwa mtu mzima haikosei. Aseme anatoka wapi, anasoma nini, anakaa kwa nani. Mazungumzo hayo ya dakika kumi yana thamani ya fedha, kwa sababu baada yake mtaa unapata jina la kumwita. Muuza duka aliyesikia kwamba "yule kijana wa chuo anakaa kwa Bi fulani" hamtajii tena bei ya mpita njia.

Ndivyo ilivyo hata kwa chumba. Madalali wapo na hudai ujira wao, mara nyingi kodi ya mwezi mmoja. Lakini vyumba vingi vya bei nafuu havipiti kwa dalali. Ni chumba cha uani kwa mama ambaye watoto wake wameolewa, au nyumba ya familia iliyohamia Muscat au Dubai ikamwachia binamu aiangalie. Vyumba hivyo hutoka kwa neno la mdomo, baada ya sala ya Ijumaa, kwenye baraza ya kahawa, au kwa sheha mwenyewe. Anayetafuta akae dakhalia au kwa mwenyeji wiki mbili huku akiuliza. Atapata cha nusu ya alichotajiwa siku ya kwanza.

Wapi atafute? Mji Mkongwe aupite tu. Tangu uingizwe kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000 nyumba zake nyingi zimekuwa hoteli na vyumba vya wageni, na kodi inafuata. Aende akatembee jioni, arudi kulala kwingine. Kwa anayesoma Tunguu kuna Jumbi, Fuoni, Mwera na Tunguu yenyewe. Kwa Mbweni na Chukwani kuna Kiembesamaki, Tomondo na mtaa uitwao Mombasa. Kwa Maruhubi na Beit el Ras, Mtoni na Kibweni. Wa Vuga atazame Ng'ambo: Magomeni, Jang'ombe, Kwamtipura, Mpendae. Kipimo ni kimoja: chumba kizuri ni kile kinachomfikisha darasani kwa miguu au kwa gari moja.

Kabla ya kulipa, aulize maji. Yanatoka siku zipi? Ni ya ZAWA, mamlaka ya maji, au ya kisima, na kisima kina chumvi? Kununua madumu kila siku ni kodi ya pili. Kisha umeme: mita za kulipia kabla huitwa Tukuza hapa, si LUKU, na nyumba ya wapangaji wanne yenye Tukuza moja huzaa ugomvi kila wiki. Makubaliano ya nani anachangia kiasi gani, na mwenye friji aongeze nini, yaandikwe. Aulize pia masharti ya wageni. Katika mitaa mingi, kijana wa kiume kuleta msichana chumbani, au kinyume chake, ni jambo litakalofika kwa sheha kabla ya jua kuzama, na anaweza kupoteza chumba pamoja na kodi aliyokwisha kulipa.

Mezani

Chakula ndicho kinachoamua kama bumu litafika mwisho wa mwezi, na hapa kisiwa kina ukarimu ambao mgeni hauoni kwa sababu anatafuta chakula cha kwao.

Mchele unaoliwa Zanzibar kwa sehemu kubwa unaagizwa. Ule wa kawaida wa watu wengi huitwa mapembe, na ndio wa bei ya chini. Mchele wa Mbeya ni wa sikukuu. Anayeshikilia kula wa Mbeya kila siku kwa kuwa ndio aliouzoea analipia boti kila anapokula. Vivyo hivyo na ugali. Lakini muhogo, ndizi, majimbi, viazi vitamu na shelisheli vinaota hapa hapa. Msimu wa shelisheli unapokuja, tunda moja kubwa lililochemshwa au kupikwa kwa nazi linashibisha watu wawili, na bei yake ni ya kustaajabisha kwa unafuu. Muhogo wa nazi na dagaa ni chakula cha mchana ambacho mabaharia na wakulima wa Unguja wamekitegemea kwa kazi ngumu maisha yao yote. Mwanafunzi hana sababu ya kukiona cha kimaskini.

Kitoweo nacho kinafuata mwezi, yaani mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na taa huwavuta dagaa penye giza. Mbalamwezi ikiwaka, vyombo hupumzika na dagaa huadimika. Giza likirudi, wanajaa sokoni na bei inaanguka. Hapo ndipo pa kununua, kuanika na kuweka. Mtu asichelewe: dagaa wengi wa Unguja hukaushwa na kununuliwa na wafanyabiashara wanaowasafirisha hadi Congo, kwa hiyo mnunuzi wa Fuoni anashindana na mlaji wa Lubumbashi. Pweza hufuata bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali na watu huingia miambani kwa miguu. Wakati wa kusi kali samaki wakubwa hupungua. Ni miezi ya maharage, choroko na mboga za majani.

Sokoni, Mwanakwerekwe na Jumbi ndizo sehemu za kufanyia manunuzi ya wiki; anayesoma Tunguu anapita Jumbi njiani. Vitu vingi huuzwa kwa fungu. Aende jioni, wauzaji wanapotaka kurudi nyumbani, na aseme majina ya hapa: tungule kwa nyanya, mbatata kwa viazi mviringo, thomu kwa kitunguu saumu. Mkate mrefu ni boflo. Hayo si mapambo ya lugha. Anayeuliza "nyanya bei gani" amejitangaza, na anayeuliza tungule kwa sauti ya upole amekwisha vuka nusu ya bahari.

Kupika peke yake ni hasara. Wanne wakichangia mafuta, nazi, mkaa au gesi, wakala sinia moja kama wanavyokula wenyeji, kila mmoja hutoa kidogo sana kuliko angekula mkahawani. Siku asiyopika, kuna urojo wa mtaani, wenye bajia, kachori na mbatata ndani ya rojo lenye ukali wa embe au ndimu, na bakuli moja ni mlo. Forodhani, penye mishkaki na taa za usiku, ni pa kukaa kutazama watoto wakijirusha baharini. Anayetaka kula pale aulize bei kabla hajashika kijiti.

Ramadhani inahitaji mpango wake. Huja takriban siku 11 mapema kila mwaka, kwa hiyo kila kundi la wanafunzi huikuta mahali tofauti kwenye ratiba ya masomo. Mchana mikahawa mingi hufungwa. Kula hadharani ni kuvunja heshima ya watu, na polisi wamewahi kuwakamata wanaofanya hivyo. Asiyefunga ale chumbani, na anunue mahitaji kabla mwezi haujaandama, kwani ndizi, muhogo, viazi na tende hupanda bei siku za mwanzo. Magharibi ikifika hali hubadilika. Mwanafunzi anayejulikana mtaani huitwa kufuturu, leo kwa jirani huyu, kesho kwa yule, awe wa dini yoyote. Aitikie, na siku moja naye apeleke sahani. Tambi za sukari si ghali, na sahani huwa hairudi tupu.

Barabarani na kibaruani

Magari ya mjini yana namba: 505 ni ya Uwanja wa Ndege, 502 ni ya Bububu. Nauli ni ndogo. Gharama hujificha usiku, kwa sababu magari ya kwenda shamba hupungua mapema na anayekosa la mwisho hulazimika kuchukua bodaboda kwa bei ya dhiki. Anayekaa nje ya mji ajue saa ya gari la mwisho kama anavyojua saa ya mtihani, na aliyebakia maktaba awe na pa kulala mjini kwa mwenzake.

Kazi za muda zipo, lakini zina majira. Wageni hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba na tena Desemba hadi Februari. Masika, Machi hadi Mei, hoteli kadhaa za pwani hufunga kabisa. Anayetegemea kibarua cha hoteli ahesabu miezi hiyo mitatu kuwa haina kitu. Kutembeza wageni bila leseni ya Kamisheni ya Utalii ni kujitafutia kesi, na jina la papasi, waitwavyo watembezaji hao, likishamganda mtu halimtoki. Kazi safi kwa mwanafunzi ni ile inayotumia alichonacho: kuandika na kutafsiri, kusomesha watoto wa mtaa hesabu na Kiingereza jioni, au kuwafundisha wageni Kiswahili. Unguja imekuwa ikisomesha Kiswahili kwa wageni tangu ilipoanzishwa taasisi ya TAKILUKI mwaka 1978, ambayo sasa imo ndani ya SUZA. Wageni hao hutafuta watu wa kuzungumza nao mchana kutwa, na mwanafunzi mwenye Kiswahili kizuri na subira ana mtaji. Februari, tamasha la Sauti za Busara huhitaji mikono, na tiketi yake nayo ina bei ya wenyeji na bei ya wageni.

Burudani za bure au za karibu bure ni nyingi kiasi kwamba mwenye kulalamika hajatoka nje. Pwani hailipiwi. Kahawa chungu na kashata kwenye baraza ni shilingi chache, na siasa ya pale ni darasa. Januari kuna mechi za Kombe la Mapinduzi. Julai, Makunduchi wanasherehekea Mwaka Kogwa, wanaume wakipigana kwa migomba na wanawake wakiimba, na mgeni yeyote hulishwa.

Halafu miaka mitatu au minne inakwisha, na mwanafunzi anafungua begi lile lile. Asifanye haraka kubeba televisheni aliyoinunua kwa bei nzuri. Kwa miaka mingi vyombo kama hivyo vimekuwa vikidaiwa tofauti ya ushuru vinaposhushwa bandarini Dar es Salaam, na wengi wamelipa pale zaidi ya walichookoa. Aulize kwanza utaratibu wa sasa, na kama bado unamdai, aiuze Unguja. Godoro, feni, meza na ndoo aviandikie tangazo kwenye kundi la chuo mwezi mmoja kabla, wakati wa mwaka wa kwanza wanaanza kuuliza vyumba. Chumba chenyewe asikiache kiende kwa dalali: ampeleke anayekuja kwa mwenye nyumba, amtambulishe kwa jina, kisha waende wote wawili kwa sheha.